Gari la Mama Mkwe

Mume wangu Masalu alikuwa na kazi isiyo na jina. Enzi zile za ruksa, biashara ilipofunguliwa na magari yaliyochoka huko Japani yalipoanza kumiminika Mwanza, kila mwenye vijisenti alitaka kigari cha mizigo, na kila aliyekitaka alipita kwanza Buzuruga kumtafuta Masalu amkagulie. Hakuwa fundi wa kutengeneza. Alitazama tu, akasema nunua au acha, na watu wakamwamini kuliko macho yao wenyewe.

Nilimsindikiza mara nyingi. Alifika asubuhi injini ikiwa bado ya baridi, kwa sababu muuzaji mjanja huiwasha mapema ili isikohoe mbele ya mteja. Akishika boneti akaikuta ina joto, alinuna hapo hapo. Alifungua kifuniko cha oili akachungulia: kukiwa na utando mweupe kama uji, maji yameingia kwenye oili, twende zetu. Alisimama nyuma kutazama moshi, maana moshi wa buluu ni wa injini inayokunywa oili. Tairi iliyolika upande mmoja ilimwambia kwamba gari limewahi kugongwa. Mwisho, na hapo ndipo penyewe, alitandika gunia akalala chali chini ya gari kuikagua chesisi, ule mfupa wa chuma unaobeba kila kitu, kwa tochi na bisibisi. Rangi mpya kwenye chuma cha zamani, alisema, ni mtu anaficha kidonda.

Sasa huyo ndiye aliyenunua gari bila kulala chini.

Gari lilikuwa la marehemu baba yangu, kule Buswelu. Baba alipofariki, mama aliamua kuliuza, akasema afadhali limwendee mkwe kuliko mgeni. Sisi tulilitaka mno. Justa, mwanamke anayenunua dagaa Kayenze, alikuwa ameahidi kumpa Masalu kazi ya kupeleka magunia yake Shinyanga msimu mzima, mradi awe na gari lake mwenyewe. Tungeacha kuishi kwa kutazama magari ya wenzetu.

Lakini kwetu ni Wasukuma wa kushika mila. Mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawapeani mkono, hawali pamoja. Wakiwa na neno hulipitisha kwa mtu wa tatu, na kwa hao wawili mtu wa tatu ni mimi. Siku tuliyokwenda, mama alitoa kigoda chake, akakiweka uani karibu na gari, akaketi akatupa mgongo. Masalu alikuwa na gunia lake kwapani. Nilimwona akimtazama mama, akatazama chini ya gari, akatazama gunia. Alale chali, shati limepanda tumboni, hatua chache kutoka kwa aliyemzaa mkewe? Hata boneti hakuigusa, kwani kulikagua gari la mama mkwe ni kama kumwita mwongo. Alilizunguka gari mikono nyuma kama mgeni rasmi, kisha akaniambia nimwambie mama kwamba gari ni zuri.

Nilimgombeza njia nzima. Nilimwambia angekuwa mtu mwingine amenunua hivyo, yeye ndiye angekuwa wa kwanza kumcheka. Akanijibu kwamba heshima ikivunjika haina spea. Lilikuwa neno la kweli na la kipuuzi kwa pamoja.

Safari ya kwanza ya dagaa haikufika mbali. Tulikuwa tunapita stendi ya Buzuruga, magunia yamejaa nyuma, Justa ameketi nasi mbele, gari likaingia kwenye shimo dogo. Tukasikia chuma kinalia, na kiuno cha gari kikashuka. Pale pale stendi, mbele ya madereva na makuli waliozoea kumwita mume wangu Daktari. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Wengine walicheka waziwazi, na wale walionyamaza kwa huruma ndio walionichoma zaidi.

Watu waliweka mawe ya kukinga gari, Masalu akatandika gunia akaingia chini. Luhaga, mchomeleaji wa stendi, akaingia upande wa pili. Alipotoka, akimwacha Masalu chini, alifuta mikono, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba chesisi ilipasuka zamani, ikachomelewa ovyo na kupakwa rangi juu.

"Aliyeuza alijua," akasema.

Na mama alikuwapo. Alikuwa amekuja stendi kupanda basi la Magu kwenda kwa dada yake, akaliona gari la mumewe limelala. Masalu aliposikia sauti yake akinisalimu, aliivuta miguu yake ndani ili asimwonyeshe hata nyayo. Mama alinisogelea, akaninong'oneza kwa Kisukuma kwamba ni kweli, alijua. Baba ndiye aliyelipasua, kwa kulibebesha pamba kupita kiasi.

"Ningemwambiaje mkwe wangu?" akasema. "Nilikaa pale nikampa mgongo ili alale chini, aone mwenyewe. Nilishangaa uliponiletea neno kwamba ni zuri."

Kisha akajifunga khanga vizuri, akawageukia Luhaga na watu wote. Nilijua anachotaka kusema. Alishafungua mdomo.

"Sabina!" Masalu aliita kutoka chini, kwa sauti ambayo hajawahi kuitumia karibu na mama yangu. "Mwambie mama aliniuzia vizuri. Ule ufa niliuona siku ile. Nilidhani utahimili."

 Mpaka wakati huo Justa alikuwa akinibembeleza, akisema gari ni chuma na chuma huvunjika. Sasa aliinama kidogo kuelekea chini ya gari.

"Kama ungekuwa hukuuona, Masalu, ningekusamehe," akasema. Akawaita makuli.

Nilikuwa na neno moja la kumwokoa mume wangu, na neno hilo lingemvua mama yangu nguo mbele ya watu. Mama naye alikuwa amefungwa, kwani akimkanusha mkwe wake atakuwa amemwita mwongo hadharani.  Niliona aibu kwa ajili ya mume wangu, nikaona aibu kwa ajili ya mama, lakini kubwa kuliko zote ilikuwa ya mdomo wangu, uliopitisha maneno yao miaka yote na leo umeshindwa.

"Mwambie nimesikia," mama akasema.

Nikapiga magoti. Masalu alikuwa amelala chali, mkono wenye oili umefunika macho.

"Mama amesikia," nikamwambia.

"Ameondoka?"

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, hajasogea.

"Bado," nikasema.

Akabaki pale chini, na juu yake makuli wakayashusha magunia ya Justa, moja moja, wakiyapeleka kwenye gari la mtu mwingine.