Shtaka Dhidi ya Bwana Glia

Aliyeharibu mambo ni daktari, tena kwa nia njema. Mwaka wa 1996, Muthama, mwalimu mstaafu wa sayansi kule Tawa, aliambiwa kwamba neva zinazoamrisha misuli yake zinakufa. Mikono ilikuwa imekwisha kulegea, na ulimi umekuwa mzito kama wa mlevi. Akataka kujua sababu. Daktari, Mkamba wa Kyuso, akamweleza: maandishi ya urithi ndani ya seli hukatika kila siku na kuungwa, yasipoungwa, seli hudhoofika hata ikafa. Tena wako watafiti wanaozishuku seli za glia, zile zinazoizunguka neva na kuilisha, kwamba huenda zikageuka na kuitilia sumu. Akatafuta neno la Kikamba la glia, akalikosa, akasema *atui*. Majirani.

Muthama alielewa. Mkewe, Ndinda, alielewa zaidi.

Jirani alikuwa mmoja tu, Kiema. Kila asubuhi ndiye aliyemwinua Muthama kitandani na kumnywesha uji kwa kijiko, polepole, asije akapaliwa. Sasa Ndinda akapeleka mashtaka ya sumu kwa naibu wa chifu, Mulei, naye akaitisha baraza. Kiema akipatikana na hatia, asikanyage tena boma lile. Ndinda mgongo wake ulikuwa mbovu. Hangeweza kumwinua mume. Muthama akaona wazi kwamba bila Kiema angelala mpaka kitanda kimchoke.

Ilimbidi ajitetee kwa kumtetea jirani. Shida ni kwamba maneno yake yalieleweka na mtu mmoja tu, na mtu huyo ndiye mshtakiwa.

"Anasema sina hatia," Kiema alitafsiri.

Watu wakacheka.

"Kiema," Mulei alisema, "kama ningeruhusiwa kujitafsiria hivyo, ningekuwa mkuu wa wilaya."

Muthama akafikiri. Ushahidi unaomfaa msemaji hauna uzito, unaomuumiza unao. Akasema tena, kwa kirefu. Kiema akamkodolea macho.

"Tafsiri," Mulei akaamuru.

Kiema akajikuna shingo. "Anasema mwaka wa themanini na saba nilihamisha mkonge wa mpaka. Hatua mbili. Ndani ya shamba lake."

"Ni kweli?"

"Hatua moja na nusu, mzee. Miguu yake ni mifupi."

Hapo hakuna aliyecheka. Tangu dakika ile kila neno la Kiema lilipokewa kama kiapo. Muthama akaeleza kwamba jirani aliyetajwa na daktari anaitwa Glia, anaishi ndani ya uti wa mgongo, na hata yeye anashukiwa tu. Karani, Mbinya, akauliza jina la babake Glia. Kiema akainama, akasikiliza.

"Anasema andika kistari."

Mulei akatoa uamuzi. Kiema hana hatia ya sumu, ila arudishe mkonge. Bwana Glia, ambaye hakufika barazani wala kutoa udhuru, ahame kata ndogo hii kwa muda wa siku kumi na nne.

Muthama akatamka jambo.

"Anasema nini?" Ndinda akauliza.

"Anasema huyo hatahama."

Kiema akapitisha mikono chini ya makwapa ya Muthama na kumwinua, kama kila siku.

"Hatua mbili," Muthama alimwambia sikioni.

Hilo Kiema hakulitafsiri.