Saini za Wasiokuwapo

Karatasi ilibandikwa Jumatatu asubuhi kwenye ukuta wa ofisi ya sheha, na kufika adhuhuri hapakuwa na mtu Mchangamle asiyejua imesema nini. Ufukwe wote wa mkondo, kuanzia gati bovu mpaka kwenye tanuri la chokaa, umefungwa. Hapana kuchimba, hapana kufukia, hapana kupita. Jumamosi miche ya mikoko itapandwa. Chini kabisa palikuwa na maneno yaliyomchoma Bi Mwatum kuliko yote: Kamati ya Ushauri wa Mazingira ya shehia imeridhia, wajumbe sita wakihudhuria.

Bi Mwatum aliyasoma mara tatu, kidole kikifuata mstari. Kisha akasonya.

"Sita wa wapi?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Yeye mwenyewe ni mjumbe wa kamati hiyo, mwakilishi wa wanawake, mwaka wa tatu sasa, bila mshahara wala posho. Alichowahi kupata ni fulana moja ya kijani, ikambana kifuani, akaifanya kitambaa cha kuepulia sufuria. Kamati ina watu tisa wa kujitolea, na kazi yao ni kuliambia baraza la wilaya wenyeji wanataka nini kabla baraza halijakata shauri. Akidi yao ni sita. Wakipungua hapo wanakunywa soda, wanapiga soga, wanarudi majumbani, na lililosemwa halihesabiki.

Na kikao cha ufukwe alikuwapo. Aliwaona kwa macho yake. Walikuwa wanne: yeye, Hamad mwenyekiti, Hafiz katibu, na Fahmi wa vijana, ambaye tangu mwanzo hadi mwisho hakuinua uso kwenye simu. Pembeni alikaa Danford, bwana mazingira wa baraza, mtu wa bara, ambaye huja kueleza tu na hana kura. Siku hiyo alieleza jinsi mikoko inavyozuia maji ya chumvi yasipande mashambani. Hakusema uongo. Makonde mawili ya mpunga yalikwisha liwa na chumvi.

Bi Mwatum alikuwa na la kumjibu. Chini ya matope ya ufukwe ule yamefukiwa makumbi ya nazi ya wanawake thelathini na zaidi, kila mmoja na shimo lake, kila shimo na mawe yake juu. Makumbi hukaa humo miezi hadi yalainike, ndipo yanachimbuliwa, yanapigwa, na unatoka usumba wa kusokotea kamba. Kamba hizo ndizo zinazonunuliwa Tumbe, na ndizo zinazowavisha watoto wa Mchangamle sare za skuli. Wengi wao mashimo yao yalikuwa hayajafika nusu ya muda wake. Naye aliwaahidi kwa kinywa chake kwamba hapafungwi mpaka wa mwisho achimbue.

Lakini siku ile alivitazama viti vitupu, akajiambia akidi haikutimia, ya nini kujikausha koo? Akanyamaza. Akala mandazi yake mawili, akaenda zake.

Leo wanne wamekuwa sita, na ahadi yake imeliwa.

Alikwenda kwanza kwa Hamad. Njiani alikumbuka kwamba mwenye kitalu cha miche ya mikoko ni mtoto wa dada yake Hamad, na jambo ambalo juzi lilikuwa habari tu likageuka kuwa ushahidi. Alimkuta mwenyekiti akirekebisha mlango wa banda la mbuzi.

"Yakhe Hamad, niambie. Wanne wamekuwa sita vipi? Walizaana mumo mumo ofisini?"

"Bi Mwatum, miye barua nimeletewa nitie saini. Muhtasari kaandika Hafiz."

"Ukatia saini, hukusoma?"

"Nimesoma. Imeandikwa sita, nkajua katibu kahesabu." Hakumtazama usoni. Pengine alikuwa anatafuta msumari, lakini Bi Mwatum aliona mtu mwenye lake jambo.

Hafiz hakupatikana. Alikuwa Unguja, amempeleka mama yake hospitali, na simu yake haikuwa hewani. Bi Mwatum hakuamini hata chembe. Mama gani anaumwa wiki hiyo hiyo? Alipita makusudi mbele ya nyumba ya Hafiz, akaona jiko limeezekwa bati jipya. Akasimama hapo kitambo, akilitazama bati lile kwa chuki kabisa.

Danford alikutana naye njiani, akiwa kwenye pikipiki ya kazi. Alizima injini, kama afanyavyo siku zote, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

Bi Mwatum hakuitikia. Miaka mitatu amekuwa akiiitikia shikamoo hiyo, na Ramadhani mbili alimpelekea mkewe, Konsolata, sahani ya futari ingawa hawafungi. Leo alimkazia macho.

"Wamekupa nini, bwana?"

"Sijapewa kitu, mama."

Bi Mwatum akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi cha puani, kinachomwambia mtu kwamba uongo wake hauna hata adabu.

"Muhtasari niliupokea kama ulivyo," akasema Danford. "Faili liko wilayani, Chake. Nitarudi nalo Ijumaa asubuhi, uje ulione mwenyewe."

"Ijumaa! Mpate nafasi ya kulipika vizuri."

Akamwacha amesimama na pikipiki yake. Moyoni aliona raha, raha ya mtu aliyekwisha kumjua mwizi na anangoja tu kumshika.

Jioni alikaa uani kwa Bi Ummkulthum, shoga yake tangu chuo cha Kurani, na yeye mjumbe vilevile. Bi Ummkulthum siku ya kikao alikuwa Chokocho, binti yake amejifungua, kwa hivyo yote aliyajua kwa kusimuliwa. Shimo lake la makumbi lilikuwa kubwa kuliko yote, maana kamba zake ndizo alizokusudia kwa arobaini ya mjukuu. Alimsikiliza Bi Mwatum akiwapanga washukiwa mmoja mmoja, kitalu cha mpwa, bati la jiko, faili la Chake, mpaka akashika kichwa.

"Kwa hino watu wawili wamebuniwa tu?"

"Wamebuniwa, ama wameuzwa. Na chamba Danford hayumo, basi miye si Mwatum."

"Sasa siye tufanyeje? Jumamosi si hii hii inayokuja?"

Bi Mwatum alikuwa ameshalifikiri. "Ijumaa, baada ya alasiri, Shehe Haidar aje atusomee halbadiri. Aliyefanya, awe nani, imshukie. Nyiye mtaona atakavyojitokeza mbio."

Bi Ummkulthum alisita. Halbadiri si jambo la mzaha. Ikisomwa humtafuta mwenye kosa hata akiwa mbali, na watu wanawajua waliopooza na waliopotewa na akili. Lakini Bi Mwatum alishikilia, na kesho yake habari ilikwisha enea kwamba kuna siku nne tu za mkosaji kujitaja. Wanawake wakaafiki. Tena wakazidisha. Konsolata alipokuja na kikapu kununua nazi aliambiwa zimekwisha, na lundo liko nyuma ya muuzaji, linaonekana. Kwenye bomba la maji alipisha kila mtu na hakuna aliyempisha. Bi Mwatum aliyaona, akaendelea kujaza ndoo yake.

Alhamisi alikwenda kumtazama Mzee Nyange, mjumbe mkongwe kuliko wote, aliyekuwa kitandani kwa mguu uliovimba. Alimpelekea uji. Mzee alikuwa na furaha, aliuliza kamati inaendeleaje.

"Nao hawajanifuta?" akauliza. Kanuni ni kwamba anayekosa vikao vitatu mfululizo anaondolewa, na kamati ndiyo iliyobaki kumfanya Mzee Nyange ajione bado ni mtu.

"Hawajakufuta, mzee. Jina lako liko pale pale."

"Mungu akulipe, mwanangu," akasema Mzee Nyange, akampapasa mkono. Bi Mwatum akarudi nyumbani bila ya kushtukia chochote.

Ijumaa saa tatu asubuhi aliingia ofisi ya sheha na kumkuta Danford peke yake, faili limefunguliwa mezani. Safari hii Danford hakuamkia. Alisukuma karatasi tu. Ilikuwa ya mahudhurio ya kikao kile, imejikunja pembeni, ina doa la soda.

"Hafiz nimempata jana kwa simu ya muuguzi," akasema. "Anasema aliandika muhtasari wiki mbili baada ya kikao, na hakukumbuka nani alikuja. Alihesabu saini. Ziko sita. Nne nazisoma. Hizi mbili za mwisho zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu, mimi siwezi. Nilitaka nije nikuulize wewe tangu nilipolifungua faili, mama. Lakini siku hizi hata salamu hamuitikii."

Bi Mwatum aliiinua karatasi karibu na macho.

Aliziona. Jina la kwanza lilisema Nyange. La pili lilisema Ummkulthum, na mim ya mwisho imevutwa mkia mrefu kupita kiasi, mkia uliokuwa ukimpatia yeye Mwatum fimbo chuoni kila siku na asiuache. Wajumbe wote, naye akiwamo, hutia saini kwa herufi za skuli; za chuoni humtoka tu akiandika kwa haraka. Mwenye mkono ule Mchangamle nzima ni mmoja.

Akakaa bila ya kukaribishwa. Alikumbuka. Karatasi ilizungushwa mwanzo, na soda, kabla ya mtu kusema chochote. Alitia saini yake, akapitisha macho, akaona Mzee Nyange hayupo na hiki kingekuwa kikao chake cha tatu kukosa. Akamwandikia, kama alivyomwandikia kila cha tatu kilipofika. Akaona Ummkulthum naye yuko kwa binti yake aliyejifungua, akamwandikia. Halikuwa hata jambo la kulikumbuka. Mtu akienda kwenye shughuli si huchukua na sahani ya jirani yake asiyefika? Ni hilo tu. Na baada ya hapo alikaa, akahesabu viti, akanyamaza kwa sababu walikuwa wanne.

"Unazijua?" Danford akauliza.

Angeweza kusema ni mkono wa Mzee Nyange. Mzee angekubali lolote kutoka kwake. Angeweza kusema hazijui. Bado ofisini walikuwa wawili tu, na mmoja hajui kusoma herufi zile.

"Niazime karatasi hii," akasema. "Nitairudisha leo leo."

Danford aliitazama karatasi, akamtazama na yeye. "Chukua," akasema.

Baada ya alasiri ua wa Bi Ummkulthum ulijaa. Majamvi yalitandikwa, ubani ukafukizwa, na Shehe Haidar akakaa na kitabu chake kwenye marufaa. Bi Mwatum alikuwa amewekewa nafasi mbele, kwa kuwa ndiye mwenye shauri. Alikaa na karatasi chini ya kanga. Alimwogopa Mungu, aliwaogopa wale wanawake, na hakujua hofu ipi ni kubwa zaidi.

"Kabla sijafungua," akasema Shehe Haidar, "nauliza, kama ilivyo ada. Yuko mwenye kujua jambo aseme, tukasameheana, kitabu kibaki kimefungwa?"

Bi Ummkulthum alikuwa akivuta tasbihi, midomo inamchezacheza. Shehe akauliza mara ya pili. Kisha akaweka mkono juu ya kitabu.

"Isisomwe, shehe," Bi Mwatum akasema.

Watu wote waligeuka. Aliitoa karatasi, akaitandaza jamvini mbele ya shoga yake, akaweka kidole kwenye mkia wa mim.

"Wawili waliozidi, nimewazidisha miye. Mzee Nyange nilimwandikia asije akafutwa. Nawe nilikuandikia, shoga, ulipokuwa Chokocho. Hafiz akahesabu saini. Hamad hana lake, Hafiz hana lake. Danford hana lake. Ni miye."

Bi Ummkulthum aliinama juu ya karatasi muda mrefu. Alipoinua uso macho yalikuwa makavu.

"Ulipewa nini, Mwatum?"

"Sikupewa kitu."

Nyuma, karibu na mlango wa jiko, mtu akacheka. Kicheko kifupi, cha puani. Bi Mwatum alikijua vizuri, kwani wiki hiyo hiyo alikuwa amekicheka yeye. Akafungua mdomo aeleze tena, habari ya sahani ya jirani, habari ya vikao vitatu, na akaona kwenye nyuso zao kwamba kila atakachoongeza kitahesabiwa dhidi yake. Shehe Haidar akaomba dua fupi, akafunga kitabu chake. Wanawake wakaondoka kwa makundi, wakisemezana chini kwa chini.

Kabla ya magharibi aliirudisha karatasi, akamwambia Danford aandike kwamba akidi haikutimia, na jina la aliyeghushi saini aliandike wazi. Danford aliandika la kwanza, na kwa la pili akakaa akiishika kalamu, mpaka Bi Mwatum akamtajia herufi kwa herufi. Tangazo likabanduliwa mpaka kikao kipya. Kwenye kikao hicho wanawake wangepeleka mwakilishi mwengine.

Jumamosi maji ya bahari yalipotoka wanawake waliteremka kukagua mashimo yao, na Bi Mwatum aliteremka nyuma yao. Alitoa salamu kwa wote. Hakupata jibu. Kila mmoja akainama kwenye mawe yake, na Bi Ummkulthum, ambaye mawe yake huyainua pamoja na Bi Mwatum, aliyainua peke yake, akihema.

Juu ya ufukwe Danford na Konsolata walikuwa wanapakia kwenye pikapu miche ambayo haikupandwa. Danford alimwona, akaweka chini kifurushi alichokuwa nacho, akasita. Halafu akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba!" Bi Mwatum akaitikia, kwa sauti iliyofika mpaka kwenye shimo la mwisho. "Marahaba, mwanangu. Na mkeo, hajambo?"

Wanawake wakanyanyua vichwa, wakamtazama, na akajua kabisa watakachosema wakifika nyumbani: kumbe aliyempa ni huyu.