Ukurasa wa Mia Nne na Kumi na Saba

Mtoto alipotea ukurasa wa nne. Kufikia ukurasa wa mia sita Inspekta alikuwa bado anakunywa chai na kuwaza, na mimi mgongo umeshakufa ganzi. Riwaya ya upelelezi yenye kurasa mia tisa na kumi na mbili. Miaka ishirini na mbili nimehariri vitabu vya watu, na sijawahi kuuchukia muswada kama ule.

Bosi alikuwa amesema neno moja tu: mia nne, basi, maana mashine ya kiwandani haifungi kitabu kinene zaidi ya hapo. Nikashika kalamu nyekundu. Nikafyeka mbio za magari, nikafyeka mapenzi ya Inspekta na daktari wa maiti, nikafyeka mapacha ambao hata mwandishi alikuwa ameshasahau kama waliuawa au la.

Mwandishi mwenyewe, mpelelezi mstaafu, alikuja Alhamisi asubuhi kuona nilichobakiza. Mzee wa maneno machache, shati limepigwa pasi, miwani imefungwa kwa uzi. Alifunua karatasi mojamoja akilowesha kidole, wala hakununa. Nilishangaa, kwa sababu waandishi wengine ukiwagusia hata koma wanakuja juu. Kisha kidole kikasimama.

“Ukurasa wa mia nne na kumi na saba uko wapi?”

“Nimeutoa, mzee.”

“Urudishe. Vingine vyote kata utakavyo.”

Niliuchakura kwenye rundo la vilivyokatwa. Fundi viatu anamweleza Inspekta kwamba siku ile mtoto alimwachia ndara moja aishone mkanda, akasema anakuja kuichukua sasa hivi. Inspekta anaandika maelezo, halafu anayatoa, kwa sababu mkubwa wake anataka ripoti ya kurasa mbili. Basi. Fundi harudi tena kwenye hadithi.

“Huu hauendi popote,” nilisema. Nilikuwa nimechoka. “Msomaji atamsubiri fundi mpaka mwisho, na fundi haji.”

“Hata mimi siku ile niliona hauendi popote.”

Alivua miwani. “Mtoto mwenye ndara moja haendi mbali, mwanangu. Ningeyaacha yale maelezo kwenye ripoti, tungetafuta palepale mtaani. Lakini kuna mtu alidai kamwona akipanda basi, tukakimbilia vituo vya mabasi, miji miwili, siku tisa. Kumbe alikuwa ametumbukia kwenye tangi kavu la jengo lililokuwa linajengwa, nyuma ya kibanda cha fundi. Daktari alisema siku nne za kwanza alikuwa bado hai.”

Kwenye kitabu mtoto anapatikana mzima, ukurasa wa mia nane na tisini, na Inspekta anavishwa nishani.

“Mama yake anajua?”

“Habari ya fundi haijui. Nilitaka aisome.”

“Anakaa wapi?”

“Nyumba ya tatu kutoka kwangu. Tunasalimiana kila asubuhi. Mwaka wa kumi na tisa huu.”

Kumbe kurasa zote zile zilikuwa mtu mmoja anazungukazunguka jambo moja asiloweza kulisema. Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia pia, nisiseme uongo. Alitaka mwanamke yule aikute habari ya mwanawe katikati ya kitabu, baada ya maiti za watu wengine, adhani ni hadithi tu, kisha kesho yake asubuhi wasalimiane kama kawaida.

“Siurudishi,” nilisema, nikamsukumia ile karatasi. “Huu hauhitaji kitabu, mzee. Mpelekee leo.”

Aliichukua. Nilimmiminia maji, hakunywa. Mwishowe akaniomba kalamu nyekundu. Kila palipoandikwa “Inspekta” alikata, na juu yake akaandika “mimi”. Palikuwa mahali kumi na moja. Alipomaliza aliikunja karatasi, akaitia kwenye mfuko wa shati, akaniaga.

Kurasa nyingine zote aliniachia mezani. Hakuja kuziulizia tena.