Vikombe vya Mama Pasi

Kabla bintiye hajarudi nyumbani na mumewe na masanduku yao, picha za Mama Pasi zilikuwa kichekesho cha mtaa. Alikuwa na kabati la kioo sebuleni limejaa vikombe vya kaure, kila kimoja na kisosi chake, na kila alipokipiga kimoja picha kwa simu kilitoka cheusi upande huu na kuungua kwa flashi upande ule, na kidole chake kimekaa pembeni kama mgeni asiyealikwa. Aliwatumia majirani. Majirani walimjibu "kizuri" bila hata kuifungua picha.

Vikombe vyenyewe havikuwa mzaha. Mama huyu alifua na kupiga pasi nguo za watu tangu usichana wake, na kila nyumba iliyohama, iliyovunjika au iliyofilisika, yeye alitoka humo na kikombe kimoja, ama cha kupewa ama cha kununua kwa ujira wake. Havikufanana hata viwili. Hakuna aliyeruhusiwa kuvinywea. Binti alikua akivitazama nyuma ya kioo huku yeye akinywea uji wake kikombe cha plastiki kilichotafunwa ukingo, na jambo hilo hakulisahau. Tuseme kweli, alikuwa na haki ya kununa. Lakini kununa ni kununa, na alichokuja kukifanya ni kingine kabisa.

Miezi mizima baada ya kurudi alipita mbele ya lile kabati kama anayepita ukutani. Kisha asubuhi moja akavuta kiti, akaketi karibu na mama yake, akasema anataka kumfundisha kupiga picha, wavifanyie vikombe kumbukumbu nzuri. Mama Pasi nusura alie. Kwa miaka alikuwa akitamani jambo hilo moja tu, mwanawe avipende vikombe vile, maana aliamini akivipenda hivyo atakuwa amemsamehe na yeye.

Wakaanza. Taa ya dari ikazimwa, kwa sababu hufanya kaure nyeupe iwe ya njano kama meno ya mvuta tumbaku. Meza ikasogezwa dirishani, pazia jepesi likateremshwa ili jua lisichome. Simu ikaegemezwa kwenye rundo la vitabu na kuwekewa saa ya kujipiga yenyewe, kwa kuwa mikono ya mama ilitetemeka. Nyuma ya kikombe likatandazwa shuka jeupe, na hapo mwanafunzi akampita mwalimu. Alilipiga pasi shuka lile hata ungedhani ni karatasi. Mkunjo mmoja haukuonekana.

Tatizo lilikuwa mng'ao. Kikombe kikitakata hugeuka kioo, na kwenye tumbo la kila kimoja alionekana bibi mdogo wa kitambaa chekundu kichwani ameinama.

"Jitoe, Mama," binti akasema. "Anayetazama hataki kukuona wewe."

Mama Pasi akacheka, akavua kitambaa, akachuchumaa nyuma ya meza na magoti yake yale mabovu. Husemwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu alisifiwa akazidi kukaza. Binti alipomwambia apige na muhuri wa kiwanda ulio chini ya kitako, alipiga. Alipomwambia aweke rula pembeni, aliweka. Alipomwambia asifiche ufa wala pengo, ausogeze kabisa kwenye mwanga, mama wa watu alifurahi, akaona hayo ndiyo mapenzi ya kweli, kupenda kitu pamoja na kasoro zake. Jioni waliketi bega kwa bega wakizitazama picha, na binti alijitumia nakala kwenye simu yake mwenyewe. Mama Pasi alilala akitabasamu.

Mgeni alikuja siku ya Jumamosi, mwanamke mtanashati mwenye maboksi mawili matupu. Akamwamkia mwenye nyumba vizuri, shikamoo na marahaba zikapita, kisha akaliendea kabati moja kwa moja akaanza kuvitaja vikombe vyote, kile chenye pengo kwenye kishikio, kile chenye ufa wa unywele. Mama Pasi akashangaa amevijulia wapi.

"Kwa picha zako, Mama," mgeni akasema kwa furaha. "Wauzaji wengine huficha. Zako zimeniridhisha, nikalipa bila kuja kuangalia."

Mkwe akajifanya anatafuta kitu mfukoni. Chumba kile, alishasema mara nyingi, kingefaa sana kuwa ofisi yake. Mama Pasi akamshika bintiye mkono, akampeleka jikoni, akamuuliza kwa sauti ndogo kama hawakusema wanaviwekea kumbukumbu.

"Si zipo?" binti akajibu. "Ziko zote kwenye simu yako. Tangu zamani tulikuwa tunavitazama tu, Mama. Endelea kuvitazama."

Mama Pasi akauachia mkono wake.

Sebuleni mgeni aliomba vikombe vifungwe na mtu anayevijua, visije vikavunjika njiani. Wote wakamtazama Mama Pasi. Akavifunga kimoja kimoja kwa magazeti, akavishindilia vitambaa katikati, na hakuna hata kimoja kilichogongana na mwenzake. Mgeni akamshukuru sana. Akamwambia ana jicho, na kama kuna kingine cha kuuza ampigie picha vilevile.

Maboksi yalipotoka, binti alisimama mbele ya kabati akalipima kwa macho. Akasema kesho lipigwe picha na lenyewe, maana likiwa tupu linapigika vizuri zaidi.

"Tutalipiga pamoja?" Mama Pasi akauliza.

"Ya nini, Mama? Umeshajua."

Akaondoka na mumewe kwenda kunywa chai. Mama Pasi akachukua kitambaa na maji, akaanza kuvifuta vioo vya kabati, ndani na nje.