Kisanduku Chini ya Kiti

Stumai aliinusa kabla hajaiona. Alikuwa ameingiza kichwa ndani ya gari la mumewe, Noah, anasugua zulia chini ya kiti cha nyuma, ndipo harufu ile ikampiga puani: asali ya nyuki wadogo, nyepesi, yenye uchachu, haifanani na nyingine yoyote.

Mumewe, Abdulhamidi, alikuwa mfanyabiashara wa asali. Lakini yeye aliuza asali ya nyuki wakubwa, ile ya madumu, aliyokuwa akiifuata Itigi na kuileta mjini Singida. Ya nyuki wadogo ni kitu kingine. Huku kwetu mtu mzima mwenye afya yake haigusi. Inatunzwa kwenye kichupa. Mtoto akikohoa analambishwa, na mama aliyetoka kujifungua anatiliwa kwenye uji. Nyumbani kwa Stumai hakukuwa na mtoto mdogo wala mwanamke aliyetoka kujifungua. Rukaya, binti yao wa mwisho, alikuwa ameshaolewa.

"Amezaa," Stumai alijiambia, kitambaa kinamdondokea maji miguuni. "Kuna mwanamke Itigi amemzalia mume wangu."

Akainua zulia lote. Chini yake palikuwa na bati jipya, limechomelewa vizuri, lina mfuniko na tundu la ufunguo.

Hapo ndipo moyo wake ulipowaka. Huyu ni mume ambaye mifuko ya mashati yake Stumai aliijua kuliko mwenye mashati. Simu yake aliifungua alipotaka, na mwenyewe hakusema neno. Akichelewa, alieleza. Akicheka peke yake, aliulizwa na akajibu. Watu walimsifu Stumai kwamba ana mume asiye na mambo. Kumbe mambo yalikuwa chini ya kiti, yamefungwa kwa ufunguo.

Hakumwuliza. Alitaka kwanza ajue. Akaenda kwa Naftali, fundi wa kuchomelea anayetengeneza magari ya wafanyabiashara wengi wa pale mjini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Naftali, kile kisanduku cha baba Rukaya ulitengeneza wewe?"

Naftali akavua miwani ya kazi, akaifuta polepole. "Kisanduku kipi, mama?"

"Usinifanye mtoto. Cha kuwekea nini?"

"Mimi nachomelea bati tu. Anachoweka mtu ni chake."

"Hata mke wake haambiwi?"

"Mama, mwulize mzee mwenyewe. Leo nikikwambia ya kwake, kesho nitamwambia mwingine ya kwako."

"Ya kwangu yapo wazi!" alisema Stumai kwa sauti iliyowafanya vijana wa gereji wageuke.

Safari iliyofuata ya Itigi, alfajiri, Abdulhamidi alimkuta mkewe amekaa kiti cha mbele, amejitanda ushungi, mkoba mapajani.

"Mama Rukaya, unakwenda wapi?"

"Itigi. Nataka na mimi nikaione hiyo Itigi."

"Itigi ina nini cha kuona? Reli na vichaka."

"Wewe kila wiki unaiona, wala huchoki."

Abdulhamidi akacheka kidogo, akawasha gari. Njia nzima Stumai alikuwa akimchora akilini mwanamke yule. Alimpa umri, akampa rangi, akampa nyumba ya bati yenye ua uliofagiwa. Akampa na mtoto wa kiume, maana yeye alizaa wasichana watupu. Kadiri alivyompamba ndivyo alivyozidi kumchukia.

Walipofika Mkiwa, pale barabara ya Itigi inapochepuka, walisimamishwa na askari wawili. Mmoja, sajenti mwenye tumbo dogo na sauti ya upole, akaja dirishani.

"Habari za safari, mzee. Umebeba nini?"

"Salama, afande. Madumu matupu. Nakwenda kununua asali."

"Kingine?"

"Hakuna kingine."

"Mwulize na chini ya kiti cha nyuma," akasema Stumai.

Maneno yalimtoka kabla hajayapima. Alichotaka ni kisanduku kifunguliwe tu. Alidhani askari atafungua, mambo yatajulikana, na wao watarudi nyumbani kugombana kama watu wengine. Lakini sajenti aliacha kutabasamu palepale, akamwita mwenzake, na mlango wa nyuma ukafunguliwa.

"Mzee, shuka. Lete ufunguo."

"Afande, hilo ni jambo langu binafsi," alisema Abdulhamidi. Hakupandisha sauti. "Katiba inamlinda mtu na mambo yake binafsi. Hakuna mali ya magendo humo."

"Katiba naijua. Na mimi nayajua magari. Siku hizi yanakamatwa yenye matumbo ya siri kama hili, yamejaa bangi. Hata likiwa tupu, mwenyewe anakwenda kueleza kituoni aliliweka la nini. Gari linabaki. Fungua."

Abdulhamidi alimtazama mkewe. Hakuwa na hasira, na hilo Stumai hakulipenda. Kisha akatoa ufunguo mdogo ndani ya soksi. Ndani ya soksi! Pahali pekee Stumai alipokuwa hajawahi kupekua.

Mfuniko ukafunguka. Stumai akawasukuma askari, akainama mbele yao.

Palikuwa na kichupa cha asali ya nyuki wadogo, kimebaki nusu, na kijiko kilichofungwa kwenye leso safi. Basi.

Sajenti akapapasa pande zote, akagonga kuta, akanusa kichupa. "Ya nani hii?"

"Yangu."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Naipenda."

"Na kula unajificha?" Askari wa pili alishindwa kujizuia, akacheka akishika kofia. "Mzee mzima!"

"Kwangu tunakaa na mama mkwe na shemeji zangu wanne," alisema Abdulhamidi. "Kila kinachoingia ni cha wote, na siwalaumu. Shati langu wanavaa. Simu yangu inasomwa. Nikasema niwe na kitu kimoja ambacho haniulizi mtu. Nikirudi toka Itigi nasimama njiani, nakula vijiko viwili vitatu, naendelea na safari."

Stumai alikuwa bado anakitazama kijiko. Kilikuwa kimoja. Angekuta viwili angejua la kufanya. Angejua amtafute nani na amtukane vipi. Kimoja kilimchoma zaidi. Mwanamke wa Itigi aliyempamba njia nzima alikuwa ametoweka, na nafasi yake hakukaa mtu. Mumewe alikuwa akisimamisha gari ili akae bila yeye, na alikuwa akifurahi.

"Hadithi nzuri," alisema sajenti. "Lakini sanduku limefichwa, na mimi siwezi kuruhusu gari la namna hii lipite. Mama, wewe ulikuwa unajua kilichomo sandukuni? Kama hata mke hajui, basi ni la siri, tutakwenda kituoni na gari litabaki huko."

Abdulhamidi alitazama chini. Gari ndilo lililowalisha wote, pamoja na mama mkwe na shemeji wanne. Stumai aliona jinsi alivyokunja ule ufunguo kiganjani. Hakumwomba mkewe kitu, wala hakumkonyeza. Laiti angemwomba.

"Nilikuwa najua," alisema Stumai.

"Tangu lini?"

"Mimi ndiye ninayeliosha gari hili."

Sajenti akamwangalia, akaangalia kichupa, akavuta pumzi. "Sawa. Mkirudi mjini fundi akate huo mfuniko, pabaki wazi. Safari ijayo nitapaangalia mwenyewe. Nikikuta pamefungwa, hatutaongea tena hivi."

Wakaingia njia ya Itigi. Vichaka vilianza kusogea pande zote mbili, vikavu, vimeshonana. Abdulhamidi alikiweka kichupa kati yao, juu ya kitambaa, mahali pa wazi kabisa.

"Onja," alisema.

"Sitaki."

"Ni tamu."

"Si ulisema ni yako?"

Abdulhamidi akaendesha, mikono yote miwili kwenye usukani, uso umetulia kama wa mtu anayesikiliza kitu cha mbali. Stumai alimsubiri aseme. Angemfokea, na yeye angemfokea. Angemshukuru, yeye angemwambia shukrani yako kaa nayo.

"Unawaza nini?" akamwuliza.

"Barabara tu."

Hakumwamini. Wakapita kijiji, wakapita kingine, naye akamwuliza tena.