Mheshimiwa S., Mtunza Hazina

Watu wengine hukaa kikao ili wapate fedha. Sisi tulikaa saa mbili nzima, watu saba, birika mbili za kahawa, ili tukatae fedha. Tukazikataa kwa kura zote saba, na waliotoka safarini miongoni mwetu walikuwa bado wamevaa soksi jozi mbili kwa sababu ya gari la Bergur.

Chama chetu cha walioacha pombe hakina mkubwa. Kila kundi linajitegemea kwa kikapu kinachopitishwa mkutanoni: mwanachama hutia anachoweza, na asiye mwanachama haruhusiwi kutia hata sarafu. Kikapu ndicho hulipa kodi ya chumba cha chini ya kanisa, kahawa, na vitabu vya wageni. Kinachobaki hupelekwa mji mkuu, Reykjavík, ambako wenzetu hukaa zamu kwenye simu ili mlevi akipiga asikie sauti ya mtu. Vyeo tunavyo, ila ni vya kutumika, na baada ya miaka miwili unampisha mwingine. Mimi Hallbera nilikuwa katibu, maana yake nilishika ufunguo wa sanduku la posta na kuosha vikombe.

Kila Alhamisi wawili au watatu wetu huvuka mlima kwenda hospitali ya ghuba ya pili, kukaa na waliolazwa kwa ajili ya pombe. Tunakwenda na gari la Bergur, dereva wa lori mstaafu, na hita yake ilikufa zamani. Bergur huweka mfuko wa soksi za sufu kwenye kiti cha nyuma, za abiria. Amezifuma mwenyewe. Ukimshukuru anakasirika.

Sasa ikaja barua ya Arnkell, mwenye kiwanda cha samaki. Alitaka kutupa krona milioni tatu tununue gari. Hakuandika sababu, na hakuna aliyeiuliza. Sababu yake ilikuwa imekaa nasi mezani na daftari la hazina mapajani: Sóldís, binti yake, mwaka wa tatu bila pombe, mtunza hazina wetu.

Baba na binti walikuwa hawajasemezana miaka minne. Siku ya kumzika mama yake, Sóldís alikuja kanisani amelewa, akaanguka kwenye maua. Arnkell hakumgombeza. Alimwita dereva, akamlipa, akamwambia amrudishe Reykjavík, akarudi kusimama penye jeneza. Ndivyo alivyokuwa siku zote: binti akivunja kioo, baba analipa kioo, akigonga gari, baba analipa gari. Neno hakuwa nalo. Sóldís alipopona akarudi mjini kwetu, wakawa wanakutana dukani, maana mji wa watu mia nane una duka moja. Arnkell akimwona kwenye rafu ya maziwa, yeye anageukia kwenye misumari. Lazima anunue kitu ili aonekane alikuja kwa haja. Nadhani ana misumari ya kujenga nyumba tatu.

"Ya kukataa tumekataa," Bergur alisema siku ile. "Barua anaandika mtunza hazina. Ndiyo kazi yake."

"Bergur, mwanangu," nikamwambia, "unajua mtunza hazina ni mtoto wa nani?"

"Mimi sijui kitu. Hiki ni chama cha siri."

"Siri! Mji mzima unajua hata kikombe chako ni kipi."

"Wewe Bibi na huruma zako. Kanuni ni kanuni. Leo gari, kesho tumkute kwenye kiti cha mbele anatupangia safari."

Alisema kweli, na ndiyo maana niliinua mkono na wenzangu. Watu husema mkono mtupu haulambwi. Kwetu sisi ni kinyume, mkono uliojaa ndio hatuugusi.

Sóldís alivuta karatasi. Akafungua kalamu. "Niandike jina?"

"Herufi ya kwanza tu," Bergur akasema. "Kulinda siri."

Hapo ndipo lilipokuwa kosa letu. Katika nchi hii jina la kwanza ndilo jina, na la pili husema tu baba yako ni nani. Chamani tunaacha la pili ili tusijulikane, na kwa sababu hiyo tunajulikana na kila mtu. Sasa tukaacha na la kwanza. Binti akamwandikia baba yake: "Bwana Arnkell, tunakushukuru kwa moyo wako. Hatuwezi kupokea, kwa kuwa hatupokei kwa asiye mmoja wetu. Kwa heshima, S., mtunza hazina." Na mwandiko ulikuwa uleule aliofundishwa na mama yake mezani kwao.

Nilitia barua posta mwenyewe, moyo mzito. Nilijua kwamba kama hilo ndilo neno la mwisho baina yao, mzee yule ataliona kama mlango uliofungwa, na binti ataamini kwamba yeye ndiye aliyefunga. Mlevi anayebeba jambo kama hilo hatembei nalo mbali.

Baada ya siku nne nikafungua sanduku, nikakuta jibu.

"Mheshimiwa S.," aliandika Arnkell, "nimepokea hapana yako. Nimeisoma mara kadhaa. Maishani mwangu sijawahi kukataliwa fedha, na ningependa kuelewa utaratibu. Je, kiasi ndicho kilichozidi?"

Sóldís aliisoma amesimama, bado amevaa koti. Akakaa. Akaisoma tena.

"Anauliza swali," akasema. "Bibi, baba yangu hajawahi kuniuliza swali."

"Hakukuuliza wewe," Bergur akasema. "Ameliuliza kundi."

"Basi kundi litamjibu," akasema Sóldís, na siku hiyo aliandika kurasa mbili.

Hivyo ndivyo walivyoanza. Wakipishana dukani, maziwa na misumari kama kawaida, hawaangaliani. Nyumbani kila mmoja anaandika. Binti alimweleza kwamba si kiasi. Kwamba mtu aliyelipiwa kila kitu hufika mahali hajui tena kipi ni chake, na kwamba sarafu anayoitia mwenyewe kikapuni humfundisha. Aliandika "mtu," hakuandika "mimi." Baba akajibu kwamba anamjua mtu aliyelipa sana kwa kuwa hakujua kufanya kitu kingine, na je, kanuni zinasemaje juu ya mtu kama huyo? Naye aliandika "mtu." Barua zote nilizipeleka mimi, na zote zilisomwa mkutanoni kwa sauti, kwani ni mali ya kundi. Tulisikiliza tukiwa tumeinamia vikombe vyetu.

Arnkell hakuacha kujaribu. Mwezi wa kwanza theluji ilifunga mlima, na Alhamisi tulipoondoka tukakuta njia wazi kabisa, theluji imesukumwa pande zote mbili. Alhamisi iliyofuata vilevile. Aliyelipia gari la kusukuma theluji tulimjua. Kundi likakaa dakika arobaini kujadili kama theluji iliyoondolewa ni mchango kutoka nje.

"Tuirudishe?" niliuliza.

"Bibi, usinichekeshe, niache nifikiri," Bergur akasema. Kisha akaamua: "Barabara ni ya serikali. Akisafisha, amesafishia kila mtu, hata kondoo. Kundi halina maoni juu ya theluji." Ikaandikwa hivyo kwenye kumbukumbu. Nami nikaona kwamba Bergur, kwa ukali wake wote, alikuwa ametafuta usiku kucha namna ya kumwachia mzee yule kitu kimoja alichotoa bila kurudishiwa. Macho yake yalikuwa mekundu.

Mwezi wa tatu mambo mawili yakaja wiki moja. Kwanza, tulisikia kwamba Arnkell ameuza kiwanda, na baada ya Pasaka anahamia visiwa vya kusini, kwenye jua, kwa ajili ya magoti yake. Pili, miaka miwili ya Sóldís ikatimia. Uchaguzi ukafanyika, na kwa kuwa hakuna mtu mwingine aliyeinua mkono, Bergur akawa mtunza hazina.

Sóldís alimkabidhi daftari, ufunguo wa kisanduku, na faili la barua za Arnkell, zilizopangwa kwa tarehe. Mkono wake ulikawia juu ya faili.

"Akiandika tena?" akauliza.

"Nitajibu mimi. Mstari mmoja."

"Bergur, huyu anaondoka."

"Ndiyo. Na wewe cheo kimeisha. Ukitaka kumwandikia, karatasi zinauzwa dukani."

Alitoka bila kufunga zipu ya koti. Nikamgeukia Bergur. "Una roho ngumu kama samaki mkavu, wewe!"

"Huyo binti amejificha nyuma ya daftari langu miezi sita," akasema. "Na mwenzake nyuma ya milioni tatu. Mimi nifanyeje, niwashikilie daftari mpaka wafe?"

Sóldís hakuonekana Alhamisi ile, wala iliyofuata. Nilimpelekea mkate wa shayiri. Akanifungulia mlango kiasi cha mkono, kisha wote. Alikuwa mzima, lakini meza yake ilijaa karatasi zenye mstari mmoja mmoja. Akiwa "S." aliweza kuandika kurasa mbili. Akiwa yeye mwenyewe alikwama kwenye "Baba."

"Nenda kwake basi," nikamwambia.

"Niende nikamwambie nini? Ananijua ninavyokuja, Bibi. Nikija, ni kwamba nimevunja kitu."

Jumatano ya wiki ya Pasaka nilikuta barua. "Kwa Mtunza Hazina." Nikaipeleka mkutanoni kama ilivyo, na safari hii Sóldís alikuwepo, amekaa karibu na mlango. Bergur akavaa miwani, akafungua, akasoma kimya. Desturi ni kusoma kwa sauti. Tukangoja. Akasoma mpaka mwisho, akaikunja, akaitia tena ndani ya bahasha.

"Barua hii haihusu kundi," akasema.

"Imeandikwa kwa mtunza hazina," mmoja akasema.

"Mimi ndiye mtunza hazina, nami nasema haituhusu. Ni jambo la nje. Kundi halina maoni juu ya mambo ya nje." Akanyanyuka, akazunguka meza yote kwa mguu wake mbovu, akaiweka mkononi mwa Sóldís. "Imekosea njia. Endeleeni. Kikapu kiko wapi?"

Sóldís alinionyesha barua ndani ya gari langu bovu, lisiloweza mlima, kabla sijawasha. Ilikuwa fupi. "Mheshimiwa, naondoka Jumatatu. Umenifundisha mengi kwa hapana zako. Nauliza jambo moja la mwisho, kama utaratibu unaruhusu: mtu wa nje anaweza kuambiwa hapana ana kwa ana? Niko nyumbani kila siku."

"Nipeleke," akasema.

Nyumba ya Arnkell iko juu ya kiwanda. Madirisha yalikuwa hayana mapazia tena, masanduku yamepangwa ukumbini. Nilisimamisha gari ng'ambo ya njia, nikazima injini. Nilimwona Sóldís akibisha mlango, nikamwona mzee akifungua, mrefu, na shati lake limefungwa vifungo kombo. Nilidhani atageuka kutafuta misumari. Kisha akasogea pembeni, binti akapita.

Kwa muda nilimwona mmoja tu dirishani, amenipa mgongo. Halafu wote wawili. Halafu nikaona mikono. Mikono ya Arnkell, ambaye hata kwenye mazishi ya mkewe aliiweka mfukoni, ilikuwa inaruka hewani kama anafukuza ndege, na Sóldís anagonga sanduku kwa kiganja. Nikasikia sauti ya mzee mpaka nje, kupitia vioo viwili. Nikashika mlango wa gari, nikaogopa.

Mlango wa nyumba ukafunguka, Sóldís akaja mbio, amevaa soksi tu kwenye theluji iliyoyeyuka. Nikashusha kioo. Uso ulikuwa umelowa, mwekundu, na sijapata kuuona ukiwa na uhai kiasi kile.

"Bibi, nenda nyumbani, usingoje."

"Kuna nini, mwanangu? Kuna nini huko ndani?"

"Tunagombana!" akasema, anahema. "Tumefika kwenye mazishi. Bado miaka mingi. Nenda, utapata baridi." Akarudi mbio, mlango haukufungwa nyuma yake, na sauti ya mzee ilikuwa bado inaendelea kana kwamba hakuona ametoka.