Mkono wa Mama Pazia

Seremala mzee hakuwa na hisia tena viganjani. Randa na msumeno vilikuwa vimemwotesha sugu. Ungemchoma sindano, angekuuliza kama umemwita. Ndiyo maana alipoanza kujenga boti uani kwake, kila mbao zilipohitaji kupimwa kama zimekauka, alimwita mkewe, fundi cherehani ambaye mtaa mzima ulimjua kama Mama Pazia.

"Mama watoto, njoo unipimie."

Naye ananawa mikono, anaikausha, anapitisha kiganja juu ya mbao taratibu. Akisema bado, mzee anarudisha turubai. Akisema kavu, anafungua kopo la rezini, ile dawa ya maji inayoganda ikawa ngumu. "Mkono wa huyu mwanamke haujawahi kunidanganya," mzee aliwatambia majirani. "Ulimi wake siuwekei dhamana!" Wakacheka wote, na Mama Pazia akacheka kuliko wote.

Boti yenyewe ilikuwa ya mkwe wao, ya kuwavushia binti yao na mjukuu kutoka ng'ambo ya ziwa. Ilikuwa ya plaiwudi, na juu yake kinatandazwa kitambaa cha faiba kilicholoweshwa rezini mpaka kigande. Lakini unyevu ukibaki ndani, faiba haishiki, na mbao zinaoza kimyakimya huku nje rangi inakumeremetea.

Sasa sikiliza balaa lilivyoingia. Paa la kibanda cha kushonea lilikuwa linavuja, na mzee alikuwa ameahidi kuliziba. Kesho, kesho, boti kwanza. Siku aliyokwenda dukani kununua rezini, mvua ikashuka ghafla, na matone yakaanza kuangukia cherehani na vitambaa vya wateja. Mama Pazia akapandwa na hasira. Akatoka mbio, akalivua turubai kwenye boti, akafunika vitu vyake. "Na boti nayo ionje!" akasema peke yake.

Mvua ilipokatika akalirudisha, akaifuta boti kwa matambara, jua likawaka, naye akajipa moyo. Asubuhi mzee akamwita. Kiganja kikapita vizuri mpaka nyuma, karibu na mkuku, ule uti wa chini wa boti, na hapo kikakutana na ubaridi ule wa nguo iliyoanuliwa kabla ya wakati wake. Aliujua, jamani, aliujua kabisa. Lakini kusema bado kungeleta maswali, maswali yangeleta turubai, na turubai lingeleta ugomvi.

"Kavu," akasema.

Toka siku hiyo chakula kikawa hakipiti. Faiba ilitandazwa, boti ikapakwa rangi nyeupe, majirani wakaja kuisifia, na kila sifa ilimchoma. Binti yake alipopiga simu, "Mama, huku mtoto hatupumzishi, ni boti ya babu tu!" akasingizia sufuria inaungua, akakata. Nafsi ilimsuta mchana kutwa. Alijiona muuaji kabla hajaua.

Siku moja kabla ya mkwe kuja kuichukua, akajikaza kisabuni, akaenda nyuma ya boti na kastabini yake, kile kikofia cha chuma anachovaa kidoleni akishona. Akagonga. Ko, ko, ko, halafu pale karibu na mkuku sauti ikawa ya debe tupu: faiba haikushika.

"Nimeisikia na mimi," mzee akasema nyuma yake. Akaja, akagonga mwenyewe, akagonga tena. Kisha akakalia ndoo iliyofudikizwa. "Nimezeeka, mama watoto. Mkono wako ulisema kavu, kwa hiyo aliyekosea kuchanganya dawa ni mimi. Ningemzamisha mjukuu wangu kwa mikono yangu. Mkwe akija nitamwambia atafute fundi mwingine. Na vifaa nitavigawa."

Ee, mlango huo hapo, umefunguliwa wazi! Angenyamaza tu, yangekwisha. Boti isingekwenda majini, na hakuna ambaye angejua. Mama Pazia akamtazama mumewe alivyokuwa anaikagua mikono yake kama ya mtu mwingine, na machozi yakamtoka.

"Hukukosea," akasema. "Mvua ilinyesha. Nilichukua turubai nikafunika cherehani."

Mzee akakitazama kiganja cha mkewe. "Na mkono?"

"Mkono ulijua. Nilikudanganya mimi."

Alitegemea matusi, na angeyapokea kwa shukrani. Mzee hakutoa hata moja. Alimpigia mkwe simu kumwambia boti bado, akachukua ngazi na nyundo, akapanda juu ya kibanda na kuziba paa. Mama Pazia alikaa chini yake, kila pigo la nyundo likimwingia kifuani. Kesho yake mzee akaibandua faiba yote ya nyuma, akatoa ubao ulioanza kuwa mweusi, akatia mpya, akaifunika boti kwa turubai.

Siku zikapita. Walikula pamoja, wakaongea ya chumvi na ya jirani. Hatimaye asubuhi moja akasikia, "Mama watoto, njoo unipimie."

Alinawa mpaka vidole vikauma. Akapitisha kiganja polepole kutoka mbele mpaka nyuma, kila kona, kila kiungo. Hapakuwa na ubaridi hata wa tone.

"Kavu," akasema. "Kavu kabisa, baba watoto."

"Sawa," mzee akajibu kwa upole. Kisha akashika kiuno chake kibovu, akainama, na kulaza shavu lake juu ya ubao mpya, pale pale mkono wa mkewe ulipotoka. Akafumba macho, akasogea kidogo, akalaza tena. Mama Pazia alisimama pembeni na kopo la rezini mikononi, akasubiri amalize.